Ruaha au Kitulo na familia: kupanga kibali, kitanda na chakula kwa bajeti ya kawaida

Familia nyingi za Mbeya na Iringa zinaishi jirani na hifadhi ambazo watu huvuka bahari kuja kuziona, na bado hazijawahi kukanyaga humo. Ukiuliza sababu, jibu la kwanza ni kiingilio: "Mambo ya watalii hayo, sisi tutaweza wapi?" Kumbe kwa raia wa Tanzania kiingilio ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika safari nzima. Kibali cha mtu mzima kwa siku moja Ruaha hakifiki bei ya kuku wa kienyeji. Fedha zinaishia kwenye gari, kitanda na chakula, na hivyo vitatu ndivyo watu hawavipigii hesabu mpaka wameshafika.

Mwongozo huu ni wa familia inayotoka Mbeya, Tukuyu, Makambako, Njombe, Mafinga au Iringa mjini, inayotaka siku mbili au tatu za likizo na watoto bila kurudi nyumbani na deni. Nimeufuatisha mpangilio wa maamuzi yenyewe: usianze na hoteli kabla hujajua mwezi, wala usilipe chakula kabla hujajua utalala wapi.

1. Tazama kwanza kalenda ya shule

Likizo ndefu za watoto wetu ni mbili, ya Juni na ya Desemba, na kila moja ina hifadhi yake.

Juni ni ya Ruaha. Masika yamekwisha, barabara zimekauka, na kadiri maji ya porini yanavyopungua ndivyo wanyama wanavyosogea Mto Ruaha Mkuu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ndio msimu wa kuona tembo, simba, tandala na twiga bila kuhangaika sana. Juni yenyewe nyasi bado ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama likizo ya shule inagusa Julai, sogea mbele. Wiki mbili tatu zinabadilisha mengi.

Desemba ni ya Kitulo. Mvua zikianza, uwanda ule wa juu wa Makete unafunikwa na maua, yakiwemo aina kadhaa za okidi, na yanaendelea mpaka Aprili. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ukifika mwezi wa pili utaona kwa nini. Ukienda Kitulo Julai utakuta nyasi kavu na baridi inayogandisha umande, nawe utakuwa umelipa nauli ileile na kibali kilekile. Ukienda Ruaha Desemba unaweza kukwama kwenye matope na kuona miti tu. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kabla hata ya kufika getini.

Jambo dogo kwa wanaopitia Mbeya mjini: wiki ya kwanza ya Agosti ni ya maonesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Vyumba hujaa na bei hupanda. Kama safari yako inalala Mbeya, pita kabla au baada.

2. Kielewe kibali kabla ya kukilipia

Ada za hifadhi za taifa hutangazwa na TANAPA, shirika linalozisimamia, kwa mwaka wa fedha, kwa hiyo tazama viwango vya mwaka huu. Usitegemee alichokuambia shemeji aliyekwenda zamani. Unaposoma viwango hivyo, angalia mambo manne.

La kwanza ni umri. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye malipo. Wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa bei ya mtoto. Akishafika 16 ni mtu mzima, hata kama bado yuko kidato cha pili. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa, hasa kama una kijana mrefu wa miaka 14 ambaye kila mtu anamdhania ana 18.

La pili ni uraia. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa bei ya chini. Mgeni asiye mkazi hulipa kiasi kikubwa mara nyingi zaidi. Watu wazima wote wabebe kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Kama mnasafiri na rafiki wa familia kutoka nje, hesabu yake iwe peke yake tangu mwanzo, asije akaingizwa kwenye mchango wa pamoja ikaleta maneno.

La tatu ni VAT. Kodi hii ya ongezeko la thamani wakati mwingine imo kwenye bei unayosomewa na wakati mwingine haimo. Uliza waziwazi: "Hii ni pamoja na VAT?" Kwa mtu mmoja tofauti haionekani. Kwa watu wanane na gari na vitanda vya usiku mbili, inaonekana.

La nne ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na wengi hawalijui: kibali ni cha saa 24, kikihesabiwa tangu saa uliyoingia. Hakihesabiwi kwa tarehe.

Fikiria familia mbili zinazotoka Iringa mjini Ijumaa. Ya kwanza inadamka usiku, inaingia getini saa 3 asubuhi, inalala ndani, na Jumamosi inatoka saa 10 jioni. Imevuka saa 24, kwa hiyo inalipa vibali vya siku mbili kwa kila mtu, na gari vilevile. Ya pili inaondoka Iringa saa 4 asubuhi baada ya kunywa chai kwa utulivu, inapitia Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, inakula mchana Tungamalenga, kijiji kilicho nje ya geti, na inaingia getini saa 8. Inapata mzunguko wa jioni wa kutazama wanyama kwa gari, inalala ndani, inaamka na mzunguko wa alfajiri, na Jumamosi kabla ya saa 8 mchana imeshatoka. Kibali kimoja.

Kitu ambacho familia ya pili imekikosa ni saa za katikati ya mchana, na saa hizo Ruaha kuna joto kali, simba wamelala chini ya vichaka na watoto wamesinzia kwenye viti. Wanyama huonekana vizuri asubuhi mapema na jioni. Kibali kimoja kilichotumika namna hiyo kinakupa nyakati zote mbili. Mkitaka usiku mbili, fanyeni vilevile: ingieni saa 8 mchana siku ya kwanza, tokeni kabla ya saa hiyo siku ya tatu, mlipe siku mbili kamili.

Angalia saa iliyoandikwa kwenye stakabadhi yako na uihifadhi kwenye simu. Kutoka Msembe, penye mabanda ya kulala ndani ya hifadhi, hadi daraja la Ibuguziwa lililo getini ni mwendo mfupi, lakini tembo akisimama barabarani hana haraka na huruhusiwi kumfukuza. Jipe saa nzima ya ziada.

Swali jingine la kuuliza getini kabla ya kulipa: ukitoka nje kwenda kulala kijijini na kurudi kesho yake asubuhi ndani ya saa zilezile 24, kibali bado kinafanya kazi au unalipa upya? Jibu la swali hili ndilo litakaloamua hatua ya nne.

3. Gari: lijaze

Gari hulipiwa ada yake kulingana na uzito, na lenye namba za nje ya nchi hulipa zaidi sana. Lakini ada hiyo si mzigo mkubwa. Mzigo ni kukodi. Landikruza ya safari kutoka Iringa hutozwa kwa siku, iwe imebeba watu wawili au saba. Kwa hiyo njia ya uhakika ya kushusha gharama ya kila mtu ni kutafuta familia ya pili. Ndugu, majirani, wanakwaya, walimu wa shule moja, yeyote mnayeelewana naye vizuri, maana mtakaa kiti kwa kiti kutwa nzima.

Gari lako mwenyewe linaweza kufaa wakati wa kiangazi kama lina nafasi ya kutosha chini na matairi mazuri, na kama utabaki kwenye barabara kuu za hifadhi. Gari fupi la mjini liache Iringa. Ukienda na gari lako, chukua mwongozaji wa hifadhi walau kwa mzunguko mmoja. Ada yake inagawanyika kwa watu wote ndani ya gari, na jicho lake litawaonyesha chui juu ya mti ambao ninyi mngeupita mkiongea.

Jaza mafuta Iringa mjini. Ni kama kilomita 130 hadi Msembe, na utazunguka humo ndani, na utarudi.

4. Kitanda: ndani ya hifadhi au Tungamalenga

Ndani kuna ngazi tatu. Juu kabisa ni kambi na loji za watu binafsi, nyingi zikiuza kitanda na chakula kwa pamoja. Katikati ni mabanda na nyumba za wageni za TANAPA pale Msembe, karibu na mto, ambako unaweza kujipikia. Chini ni sehemu za kupiga hema. Nje ya geti, kijiji cha Tungamalenga na maeneo ya jirani kuna nyumba za wageni na kambi za bei nafuu.

Kitanda cha Tungamalenga kitaonekana rahisi kwenye karatasi. Ongeza mafuta ya kwenda na kurudi getini kila siku, ongeza uwezekano wa kulipa kibali kingine ukiingia tena, na ongeza kwamba saa ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza utakuwa bado uko njiani. Kulala ndani nako kuna ada yake kwa kila kichwa. Weka hesabu zote mbili upande kwa upande. Kwa familia yenye watoto, maoni yangu ni kwamba banda la Msembe hushinda karibu kila mara: jikoni lipo, na jioni watoto wanawasikia viboko wakiwa kitandani. Kwa kikundi cha vijana wanaotaka siku moja tu, Tungamalenga inatosha.

Mabanda hayo si mengi na Juni hujaa. Weka nafasi mapema, na upate uthibitisho wa maandishi.

Ukipenda kambi binafsi, uliza bei ya mkazi. Kambi nyingi zina bei mbili, na ile ya juu ni ya mgeni. Usione haya kuuliza. Uliza pia bei ya msimu wa mvua, maana hushuka, ingawa baadhi ya kambi hufunga kabisa Machi hadi Mei.

5. Chakula

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo familia zetu zinapoweza kuokoa fedha nyingi na bado zikala vizuri kuliko mgeni wa loji.

Hoteli na kambi zitakuuzia moja ya mipango hii minne. Kitanda peke yake. Kitanda na chai ya asubuhi. Hafubodi, yaani chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Fulubodi, yaani milo yote mitatu. Kwenye kambi za ghali kuna mpango wa tano unaojumuisha vinywaji, mizunguko na hata kufuliwa nguo, lakini huo tuuache.

Kabla ya kukubali wowote, uliza maswali haya. Maji ya kunywa yamo? Fulubodi nyingi hazijumuishi vinywaji, na kwenye joto la Ruaha familia ya watu sita inamaliza maji mengi mno. Mtoto analipiwa vipi, nusu au kamili, na mdogo kabisa je? Tukitoka kwenye mzunguko saa 12 asubuhi, chai yetu tunafungiwa au imepotea? Chakula cha mchana kinaweza kufungwa tukala porini? Swali la chai ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Watu hulipia kitanda na chai, kisha kila siku wanaondoka alfajiri kabla jiko halijawashwa, na hakuna anayewarudishia kitu.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Baba, mama, bibi, kijana wa miaka 16, binti wa miaka 9 na mdogo wa miaka 3. Tuseme kambi inaongeza shilingi 50,000 juu ya kitanda kwa fulubodi ya mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, na mdogo wa miaka 3 anakula bure. Wakubwa wanne, kijana akiwemo, ni 200,000. Binti ni 25,000. Siku mbili ni 450,000, bila maji wala soda. Upande wa pili, tuseme kikapu cha sokoni cha siku mbili kimekugharimu 120,000 na kujaza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 ni 25,000. Jumla 145,000, na gesi itabaki. Tofauti ni 305,000. Badili namba hizo, weka za kwako za wiki hii, lakini mpangilio wa hesabu ubaki huohuo: chakula kwa kichwa, mara vichwa, mara siku, dhidi ya kikapu na nishati.

Mezani kwangu hesabu hiyo hugeuka pale tu mkiwa watu wawili, au mkiwa na mzee anayehitaji kupumzika, au mama wa nyumba akisema wazi kwamba likizo ya kupika kwake si likizo. Hoja hiyo ya mwisho ni ya haki kabisa. Kama watu wote wanakwenda kustarehe, basi kupika kugawanywe: kijana wa miaka 16 anaweza kusonga ugali, na baba anaweza kukaanga mayai. Kama haiwezekani, lipeni hafubodi na mbebe cha mchana wenyewe.

Kikapu kikoje? Kusini tuna bahati ya masoko. Anayetoka Mbeya abebe mchele wa Kyela au wa Usangu, maharage, viazi mviringo na maparachichi ya Rungwe ambayo bado ni magumu, yataiva njiani. Anayepita Mafinga achukue majani ya chai ya Mufindi. Nyanya, vitunguu, karoti na mayai nunua soko kuu la Iringa asubuhi ya kuondoka, na maziwa vilevile. Unga wa sembe, mafuta, chumvi na sukari vitoke nyumbani kwenye vyombo vya kufunga.

Chakula cha njiani na cha mchana wa kwanza kipikwe nyumbani, na hapo angalia joto. Iringa mjini ni baridi, Ruaha iko chini sana na jua lake si la mchezo. Wali na pilau vikikaa kwenye hotipoti saa nyingi vinaharibika. Chochote chenye tui la nazi kinachacha upesi zaidi. Vinavyovumilia ni chapati, maandazi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, na kuku aliyekaangwa akakauka vizuri, naye aliwe siku hiyohiyo. Maharage yachemshe nyumbani kwa chumvi tu yapoe kabisa kabla ya kufungwa, kisha yaungwe ukifika. Dagaa wakavu ni mkombozi wa usiku wa pili.

Mlo wa usiku wa kwanza uwe mwepesi kupika, kwa sababu mtafika bandani mmechoka: ugali, maharage ya kuunga, kachumbari. Asubuhi kabla ya mzunguko, chai ya chupa iliyochemshwa usiku na chapati za jana. Chai nzito ya mayai na viazi iwe saa 4 au 5, mkirudi. Mkishakula hivyo, mchana mnahitaji matunda tu mpaka mtoke getini, na mama lishe wa Tungamalenga watawamalizia.

Matunda, lakini kwa tahadhari. Tembo hunusa machungwa na maembe kutoka mbali, na ameshawahi kuvunja gari kwa ajili hiyo kwenye hifadhi nyingi za Afrika. Usiweke matunda kwenye hema wala usiyaache garini usiku. Yakae jikoni kwenye chombo chenye kifuniko kizito, na uulize askari wa hifadhi mahali salama. Nyani na tumbili nao wanajua kufungua mlango wa banda uliosahaulika. Msile popote mnapojisikia: kushuka garini ni kwenye sehemu zilizoruhusiwa tu.

Kabla ya kubeba gesi, piga simu uulize kama jiko la bandani lina nishati na masufuria, usije ukasafiri na mtungi bure. Ukiubeba, usimame wima, valvu imefungwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo funga vitu kwenye vikapu, ndoo na mahotipoti. Katoni za maji nunua mjini.

Na mavazi, ingawa si chakula: mbung'o wa Ruaha huvutwa na nguo za bluu na nyeusi. Vaeni kaki, kijani au kahawia, mtakula kwa amani.

6. Ukiuziwa paketi

Makampuni ya safari huuza kila kitu kwa bei moja, na kwa mtu asiye na muda ni msaada wa kweli. Mwambie muuzaji akuvunjie bei hiyo katika mistari mitano: vibali, gari na mafuta, dereva na mwongozaji, kitanda, chakula. Akikataa kuvunja, tafuta mwingine. Akikubali, linganisha mstari wa vibali na viwango vya TANAPA, na mstari wa chakula na hesabu yako ya kikapu. Mara nyingi unaweza kuchukua gari na dereva tu, ukajitegemea mengine. Uliza pia dereva analala na kula kwa nani. Ni binadamu, atakula, na ni vizuri ijulikane mapema.

7. Malipo na geti

Usiende na bulungutu. Hifadhi hupokea kwa kadi ya benki au kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, unayolipia kwa simu au benki. Weka salio la kutosha kwenye simu mbili za mitandao tofauti kabla hujatoka Iringa, maana mtandao huko porini hupotea. Angalia pia kiwango cha juu cha muamala wako kwa siku.

Mtu yeyote akikuambia umtumie ada ya kiingilio kwenye namba yake ya simu "akurahisishie", usitume. Ada ya serikali huenda kwenye kumbukumbu namba ya malipo na hutoa stakabadhi ya serikali. Stakabadhi hiyo itunze mpaka utoke.

Hesabu ya Kitulo ni tofauti

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na haina simba wala tembo wa kukulazimisha kukaa garini. Unatembea kwa miguu katikati ya maua, na ukiwa na bahati unamwona tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, akipita nyasini. Misitu ya Livingstone iliyomo humo ni makao ya kipunji, tumbili aliyetangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka huohuo wa 2005 na ambaye haishi popote duniani nje ya Tanzania.

Kwa sababu hiyo, gharama ya gari inabaki kuwa ya kufika tu. Kutoka Mbeya panda basi hadi Chimala, kisha gari dogo la kupandisha Matamba kwa barabara ya kona 57, inayojulikana hivyohivyo kama Hamsini na Saba. Mtoto anayetapika garini ale kidogo kabla ya kupanda. Lala Matamba, chukua mwongozaji, anza kutembea asubuhi kabla mawingu ya mvua hayajakusanyika.

Fulubodi huku haina maana kabisa. Baridi inasaidia kuhifadhi chakula chako, viazi vya Makete viko mlangoni, na mnachohitaji ni vitu vya moto: chai kwenye chupa mbili kubwa, kande, supu. Fedha ulizookoa kwenye gari zitumie kwa makoti ya mvua na viatu vya watoto visivyopitisha maji. Ile hila ya kuingia saa 8 mchana Kitulo haifai, kwa sababu Desemba mvua hupenda kunyesha mchana. Huku ingia asubuhi, tembea, toka.

Kama hesabu bado inakataa

Kuna likizo ya siku moja isiyohitaji kulala hifadhini. Anayetoka Mbeya kwenda Iringa anapita Isimila, kama kilomita 20 kabla ya mji, penye nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Mjini kuna Boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho, na Kalenga kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kila sehemu ina kiingilio chake kidogo kwa Mtanzania, na zote tatu zinaingia ndani ya siku moja kwa gari la kukodi la mjini.

Upande wa Rungwe, Daraja la Mungu (daraja la asili la mwamba) na Kijungu (shimo la mwamba ambamo mto huzama) vinaunganishwa kwa asubuhi moja. Ziwa Ngozi linataka siku yake, kwa sababu ni kupanda msituni kwa miguu, na mtoto wa chini ya miaka 7 atabebwa. Lipeni ada kwa wahusika wa msitu mpewe stakabadhi, mchukue kijana wa pale awaongoze, na ndizi za kuchemsha zibebwe za kutosha, maana huko juu hakuna duka.